Baba mkwe haachi beleshi, na theluji ndiyo kwanza inaanza

Shangazi, shikamoo.

Naandika kutoka Buffalo, jimbo la New York. Mimi ni mtoto wa Tanga, mume wangu asili yake Tanga pia ila kazaliwa hukuhuku. Mimi ndiye niliyeletwa, mwaka 2012. Tunaishi na baba mkwe wangu, au niseme yeye ndiye anayeishi nasi kwake, maana nyumba kainunua kwa jasho lake. Mama mkwe alitangulia mbele ya haki kabla sijafika. Baba ni mtu wa watu, anaswali, anapenda wajukuu, hajawahi kunitolea neno baya. Matatizo yetu yanaanza theluji ikianza.

Baba alikuja huku mwaka 1975 kusoma. Chuo hakukimaliza, akaingia kiwanda cha chuma cha Lackawanna. Kwa hiyo dhoruba kubwa ya 1977 ilimkuta. Shangazi, dhoruba hiyo naijua kuliko harusi yangu. Ijumaa tarehe 28 Januari, kabla ya adhuhuri, upepo ukatoka Ziwa Erie, lililo ubavuni mwa mji, na mchana ukawa usiku. Walivyolala kiwandani juu ya makoti. Alivyotoka siku ya pili na mfanyakazi mwenzake, Myemeni, wakaenda kwa kushikana mikono hadi nyumbani kwa yule Myemeni, akakaa hapo mpaka ilipotulia. Walivyochimba wakagusa bati, wakajua wamesimama juu ya gari la mtu. Hadi kulungu watatu wa bustani ya wanyama waliopanda juu ya theluji, wakavuka uzio kwa miguu yao na kuingia mjini. Watoto wangu wanaisimulia hivyo hivyo, na mikono wanaitupa kama yeye.

Sasa theluji yoyote ikianguka, iwe ya kifundo cha mguu au ya kiuno, Baba anasema, "Hii nayo mnaiita theluji?" Redio ikitangaza watu wasitoke, anacheka. Shule zikifungwa, anasema watoto wa siku hizi wanadekezwa. Na kila alfajiri akishaswali anavaa koti lake la zamani la kiwandani, anachukua beleshi, anatoka kuzoa theluji peke yake kabla hatujaamka. Ana miaka 72. Mwaka juzi amewekewa kijibomba kwenye mshipa wa moyo. Daktari alimwambia nikiwa nimekaa pale pale: kazi nzito nje kwenye baridi, basi. Akaitikia kwa adabu. Tulipofika kwenye gari akaniambia yule daktari ni mtoto mdogo, tena katokea Florida, baridi ataijulia wapi.

Wiki iliyopita niliamka nikamkuta amepiga magoti kwenye theluji, pale mwisho wa njia yetu ambapo greda la mji likipita linaacha rundo. Mkono mmoja umeegemea beleshi, mwingine uko kifuani ndani ya koti. Nikamwita. Akasema anafunga kamba za buti. Buti zake hazina kamba, Shangazi. Ni za zipu.

Siku ile ile nikalichukua beleshi nikalipeleka kwa jirani. Kesho yake alfajiri nikasikia nje kitu kinakwaruza. Nachungulia, namuona Baba anazoa theluji kwa sinia langu la pilau. Alipoingia ndani aliniambia maneno machache tu: "Mwanangu, umenifichia chombo changu nyumbani kwangu." Tangu hapo akitaka kunena nami anawatuma watoto. "Mwambieni mama yenu chai imepoa."

Mume wangu anafanya kazi ya usiku kwenye ghala. Anarudi saa moja asubuhi, anakuta njia nyeupe imesafishwa, anaingiza gari. Nikilia naye ananiambia, "Muache mzee, hayo ndiyo mazoezi yake."

Kuna jambo lingine limenikaa moyoni tangu Desemba 2022. Dhoruba ile ilimkuta mume wangu kazini, hakurudi kwa siku mbili. Umeme ulikatika usiku. Nyumbani tupo mimi, Baba, na watoto wawili, mdogo bado ananyonya. Baba akapandisha jiko la mkaa kutoka besimenti, lile tunalochomea mishkaki kiangazi, anataka kuliwasha sebuleni. Nikasimama mlangoni nikamkatalia. Sijapata kumkatalia Baba hata siku moja kabla ya hapo. Tukalala wote chumba kimoja chini ya mablanketi yote ya nyumba, na asubuhi umeme ukarudi. Hadi leo ananiambia nilitaka kuwaua wajukuu wake kwa baridi, na kwamba mwaka 1977 kule kwa yule Myemeni waliwasha mkaa wakalala vizuri. Mimi mwenyewe sina hakika kama nilifanya sawa.

Na sasa mwanangu wa miaka 11 amejifunza: "Hii siyo theluji." Ijumaa moja magari yalipigwa marufuku kutembea, Baba kashavaa kanzu, kofia ya viua chini, ya sufu juu, anamshika mkono mtoto wanakwenda msikitini. Gari liligoma kutoka kwenye theluji, ndilo lililotunusuru.

Shangazi, sikulelewa kumpinga mkwe. Nifanyeje?

Mkamwana, Buffalo

*

Marahaba, mwanangu. Pole na baridi.

Naanza na jiko, maana mengine yote yanaweza kusubiri kesho. Ulifanya sawa. Tena sawasawa, na ningekuwepo ningesimama nawe hapo mlangoni. Mkaa ukiwaka unatoa gesi ya kaboni monoksaidi. Haina rangi, haina harufu, haikohozi mtu. Kichwa kinauma kidogo, unajisikia usingizi, unasema acha nijilaze. Kule kwetu jiko lipo uani, au jikoni kwenye madirisha ya nondo na paa lenye nafasi, hewa inapita saa zote, kwa hiyo tumekua tukiamini mkaa ni rafiki. Nyumba ya Buffalo wakati wa baridi imezibwa kila tundu, watu wengine wanapigilia hadi nailoni madirishani ili joto lisitoke. Joto halitoki, na hiyo gesi nayo haitoki. Kama kweli kwa yule Myemeni waliwasha mkaa, basi walikuwa na nyumba ya mbao yenye nyufa, au siku zao hazikuwa zimefika. Hiyo siyo njia ya kufuata.

Na siyo mkaa peke yake. Usiwashe oveni ya gesi ukaacha mlango wazi ili kupasha jikoni joto. Jenereta haliwashwi ndani wala gereji, hata mlango wa gereji ukiwa umefunguliwa. Gari lililofunikwa na theluji haliwashwi mpaka kwanza umelichimbua nyuma, kwenye bomba la moshi. Watu wanakaa ndani wakipata joto huku moshi unawarudia.

Sasa sikiliza jambo ambalo nadhani hata Baba halijui, na hapa ndipo majira ya zamani yanapoweza kumdanganya mtu. Hita za zamani zilitoa moshi kwa dohani, juu ya paa. Nyingi za siku hizi hazitumii dohani. Zina mabomba meupe ya plastiki yanayotokeza ukutani upande wa nyumba, mara nyingi hayafiki hata kiunoni mwa mtu kutoka ardhini. Upepo ukilundika theluji upande huo, mabomba yanazibwa. Hapo hita inajizima, mnabaki kwenye baridi na umeme upo, au gesi chafu inarudi ndani. Kesho mchana zunguka nyumba uyatafute. Ukiyaona, chomeka kijiti kirefu chenye kitambaa chekundu kando yake, ili hata theluji ikifunika kila kitu mjue pa kuchimba. Halafu angalia kengele ya gesi hiyo. Sheria ya New York inazitaka majumbani, lakini kuwa nayo ukutani ni kitu kimoja na kuwa na betri nzima ni kingine. Ibonyeze uisikie inalia.

Haya, tuje kwa mzee na moyo wake.

Theluji ikiwa angani ni kitu chepesi, inadanganya. Chukua ile ya kawaida ya sentimita 30 ikiwa na kiasi cha maji cha wastani: kila mita moja ya mraba ina kilo 30 hivi. Njia ya kuingizia gari yenye upana wa mita 3 na urefu wa mita 10 inabeba karibu tani moja. Tani moja, mwanangu, inayonyanyuliwa na mzee mwenye kijibomba moyoni, kidogo kidogo, tumboni hamna kitu, saa kumi na mbili asubuhi. Ile ya ziwani ikija kavu huwa nyepesi kuliko hivyo. Ikija ya majimaji, zidisha. Na lile rundo la greda ulilolitaja ndilo baya kuliko yote, kwa sababu si theluji tena, ni mabonge ya barafu yaliyochanganyika na chumvi na uchafu wa barabara, na watu wanalikabili mwishoni, wakiwa wameshachoka.

Baridi yenyewe inabana mishipa ya damu. Shinikizo la damu linapanda kabla hata hajainama. Akinyanyua, anabana pumzi, mikono inafanya kazi kuliko miguu, moyo unakwenda mbio na damu inapita kwa shida. Ndiyo maana kila dhoruba kubwa ikipita Buffalo, katika hesabu ya waliokufa wamo waliofia kwenye kuzoa theluji. Desemba 2022 walikuwemo pia. Dhoruba ile iliua zaidi ya watu 40 katika kaunti yenu ya Erie peke yake: wengine ndani ya magari, wengine njiani kwa miguu, wengine nyumbani bila joto, na wengine waliopiga simu kuomba msaada ambao haukufika, kwa kuwa magari ya wagonjwa na ya zimamoto nayo yalikwama. Hilo la mwisho mwambie mumeo, mwambie kwa sauti ya kawaida, siyo kwa kulia. Siku ya kawaida moyo ukimpiga mzee mlangoni, hospitali iko mwendo wa dakika chache. Siku ya dhoruba hospitali iko pale pale, na haifikiki.

Na mkono kifuani na kamba za buti ambazo hazipo, hiyo siyo hadithi ya kuniandikia mimi tu. Hiyo ni habari ya daktari, tena wiki hii. Ikitokea tena, hapo hapo unapiga simu ya dharura, 911, adabu utaomba radhi baadaye.

Nije kwa hiyo 1977, maana naona imewakalia nyumbani kama mpangaji asiyelipa kodi.

Baba hasemi uongo. Ile ilikuwa kubwa kweli, iliua watu 29, na Rais Carter akautangaza mji na kaunti jirani kuwa eneo la maafa kwa ajili yake. Lakini kitu cha ajabu ni kwamba siku zile zenyewe theluji mpya iliyoanguka mjini haikuwa nyingi, kiasi cha sentimita 30 tu. Ziwa Erie lilikuwa limeganda tangu katikati ya Desemba 1976, na theluji ya wiki nyingi ilikuwa imelala juu ya barafu, kavu, haina pa kwenda. Upepo ukaja kwa kasi iliyofika kilomita 110 kwa saa, ukaizoa yote ziwani ukaimwaga mjini, ikalundikana hadi kwenye mapaa. Ndiyo maana kulungu wale walivuka uzio bila kuruka. Baba alichokutana nacho ni upepo.

Hiyo ya 2022 ilikuwa na tabia nyingine. Ziwa lilikuwa wazi, halijaganda, maji yana uvuguvugu kuliko hewa. Hewa ya baridi ikipita juu ya maji ya namna hiyo inanyonya unyevu, ikifika nchi kavu inautua wote. Na mji wenu umekaa vibaya: ziwa ni refu, limelala kutoka kusini-magharibi kwenda kaskazini-mashariki, na Buffalo ipo kwenye ncha yake kabisa, upepo ukija kwa urefu wa ziwa unawakuta mmekaa mlangoni. Kwenye uwanja wa ndege ilipimwa zaidi ya sentimita 130, pamoja na upepo ambao nao ulishindana na ule wa 1977. Waliokufa walikuwa wengi kuliko 1977, na hii ni pamoja na simu za mkononi, rada, na utabiri uliotolewa siku kadhaa kabla.

Tena ziwa hili lina hila. Novemba 2014 mitaa ya kusini ilifunikwa kwa zaidi ya mita moja na nusu huku kaskazini ya mji watu wakiwa na sentimita chache, wanaiangalia ile theluji imesimama kwa mbali. Novemba 2022, wiki chache kabla ya ile ya Desemba, Orchard Park, mji jirani upande wa kusini, ilipata mita mbili hivi. Kwa hiyo mumeo akiwa kazini upande mwingine wa mji akakwambia "mbona huku shwari", hajakudanganya, na wewe huna haja ya kumwamini.

Kwa nini nakueleza haya yote? Kwa sababu ukienda kwa Baba na maneno ya "hiyo ya zamani sana", umeshindwa kabla hujakaa. Nenda na swali. Muulize: Baba, mwaka ule ziwa lilikuwa limeganda au la? Muulize upepo ulitoka wapi. Muache aeleze. Mtu wa pwani, aliyekua anasikia watu wanagombania kusi na kaskazi, upepo anaujua. Kisha mwambie na hii ya juzi ziwa lilikuwaje, mtazame anavyofikiri. Sikuahidi atakubali. Ila mtakuwa mnazungumza, na sasa hivi hamzungumzi.

Nami niseme la wazi, mkwe wako atanisamehe. Kila mtu mwenye umri ana majira yake ya baridi ambayo hakuna jingine litakaloyafikia. Mimi ninayo yangu, Minneapolis, mwisho wa Oktoba 1991: sikukuu ya Halloween, watoto wako nje wamevaa vinyago wanapita nyumba kwa nyumba kudai peremende, theluji imeanza tangu mchana, ilipoacha ilikuwa imepita sentimita 70. Wajukuu wangu nikiwahadithia huwa natamka mita moja, na hakuna anayenisahihisha. Mwaka 1977 Baba alikuwa na miaka 24. Anachokikumbuka si baridi peke yake, anakumbuka mgongo uliokuwa hauumi. Mke wake hayupo tena, kiwanda kilifungwa, mwanawe anafanya kazi usiku analala mchana, na kitu kimoja tu ndani ya nyumba hiyo bado anakifanya yeye kabla ya kila mtu kuamka na kila mtu anakiona. Wewe umekichukua ukakipeleka kwa jirani.

Kalirudishe beleshi. Leo. Lisimamishe pale pale lilipokuwa, kisha ukae naye umwambie: "Baba, kukufichia chombo chako nimekosa, nisamehe. Kukwambia usizoe theluji sijakosa, na nitasema tena." Yote mawili kwa mkupuo mmoja, kwa sauti ya chini. Adabu ya mkwe haimaanishi umuangalie akianguka. Unaweza kumpigia magoti na bado ukamkatalia, mama zetu walifanya hivyo miaka yote na nyumba hazikuvunjika. Na usipitishe ujumbe kwa watoto, hata yeye akiwapitisha. Yeye akimtuma mtoto kusema chai imepoa, inuka upeleke chai mwenyewe.

Lakini anayepaswa kumzuia si wewe. Ni mwanawe. Hapa nina ugomvi na mumeo kidogo. Amekuta njia safi kwa miaka na hajajiuliza imesafishwa na nani na kwa gharama gani. Kuita hayo mazoezi ni kujipunguzia kazi. Akirudi saa moja, theluji ni yake, achoke asichoke. Kama hawezi, anunue mashine ya kupuliza theluji hata ya mtumba, au amlipe kijana wa mtaani. Vijana Wakongo na Waburundi wamejaa upande wa magharibi wa Buffalo, wanazungumza Kiswahili, wana nguvu, na wengine wanatafuta kazi ya asubuhi moja moja. Mzee akiona kijana anamwamkia shikamoo huku anazoa, hasira inapungua. Nimeliona hilo kwa macho yangu.

Na mtoto wa miaka 11 ni mkubwa wa kutosha. Mpe beleshi dogo, buti, glavu mbili mbili, na babu yake awe nyapara. Asimame kibarazani amevaa koti lake la kiwandani, aelekeze: anzia wapi, theluji itupwe upande gani ili isirudi na upepo, usinyanyue kinachoweza kusukumwa, goti likunjwe siyo mgongo. Hiyo ni elimu ya kweli na mzee anayo. Mtoto akiifanya kazi hiyo kwa saa nzima, ule msemo wake wa "hii siyo theluji" utaisha wenyewe.

Kuna kazi nyingine mpe Baba, na usimpe kama unambembeleza, mpe kwa sababu inahitajika. Wapo waliokufa 2022 nyumbani wakiwa peke yao. Hapo mtaani kwenu na hapo msikitini wapo wazee wa umri wake ambao hakuna anayewapigia simu. Baba awe na orodha. Utabiri ukitoka, awapigie wote: mna chakula, mna dawa za wiki, simu imejaa chaji, mabomba ya hita yako wazi? Dhoruba ikiwa ndani, awapigie tena asubuhi na jioni. Hapo hiyo 1977 yake itapata wasikilizaji wapya, wewe upumzike. Na la mabomba ya ukutani mkabidhi liwe lake: achungulie dirishani kila saa mbili, aseme kijiti chenye kitambaa kinaonekana au hakionekani, na anayetoka kuchimba awe mwingine.

Kuhusu Ijumaa, hapo huna haja ya hoja yako wala yangu. Marufuku ya magari si ushauri, ni amri, na anayekwama anawalazimisha wengine watoke kumuokoa. Lakini mzee hatasikia hilo, basi mpelekee la dini. Ibn Umar aliadhini usiku wa baridi na upepo, akaita watu waswali majumbani mwao, akasema Mtume alikuwa akimwamuru muadhini aseme hivyo usiku wa baridi na mvua. Muombe imamu wenu alieleze hilo mwenyewe msikitini kabla dhoruba haijaja, ikiwezekana atangaze kabisa kwamba siku ya marufuku hakuna Ijumaa. Mzee aliyesoma hawezi kubishana na ruhusa iliyokuwepo tangu zama za Mtume.

Sijakutajia chakula, maji, tochi na betri kwa sababu naamini baada ya 2022 unazo. Ongeza dawa za Baba za wiki mbili, siyo za siku tatu. Weka rundo la blanketi za sufu chumba kimoja mtakacholala wote, kidogo, chenye madirisha machache, kama mlivyofanya. Mlifanya vizuri usiku ule, yeye kwa kutaka kuwapasha joto, wewe kwa kukataa namna aliyoitaka. Siku mkielewana mwambie hivyo hivyo.

Kwa daktari uende na mumeo, wote watatu. Daktari amwambie mzee mbele ya mwanawe, na mwanawe ajibu, siyo wewe. Na kama Baba hamtaki huyo wa Florida, hospitali haikosi daktari mwenye mvi, omba huyo. Piga simu leo asubuhi, kabla mumeo hajapanda kitandani, na weka spika ili naye asikie tarehe.

Shangazi